Ukiona Vyaelea Vimeundwa: Mafundi wa Bodi na Magari ya Kifahari ya Marekani

Leo naomba ruhusa niiweke tarakilishi kando kidogo tuzungumze kuhusu magari. Msiwe na wasiwasi, sijabadilisha kazi. Tukifika mwisho mtaona kwamba kisa hiki kinatuhusu sana sisi tunaotunga programu.

Mkazi wa Nairobi huenda amewahi kukiona kioja hiki: barabarani inapita injini, magurudumu, usukani na mtu mmoja aliyejifunika koti zito, basi. Hakuna mlango, hakuna paa, hakuna dirisha. Hiyo ni chesisi tupu ya lori inayopelekwa kwa mafundi wa bodi. Baada ya muda itarudi barabarani ikiwa matatu kamili, yenye viti, muziki na michoro ya kila rangi. Aliyetengeneza injini ni mmoja, na aliyetengeneza kile abiria anachokiona ni mwingine kabisa.

Nilipokuwa mdogo nilidhani huo ni ujanja wetu wa kujikimu, kwamba nchi tajiri hutengeneza gari zima na sisi tunaungaunga. Nilikosea. Kati ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia na vile vya Pili, magari ya bei ghali zaidi nchini Marekani yalitengenezwa hivyo hivyo. Tajiri wa New York au nyota wa filamu wa Hollywood alinunua chesisi kwa kampuni moja, kisha akaipeleka kwa fundi wa bodi aliyemshonea gari kama vile fundi cherehani anavyomshonea mtu suti. Leo nataka tuwaangalie mafundi hao: walikuwa akina nani, walifanya kazi vipi, na kwa nini walitoweka ilhali majina yao yaliendelea kuuza magari kwa miaka mingi baada yao.

Gari lililouzwa nusu nusu

Tuanze na msingi. Gari la enzi hizo lilijengwa juu ya fremu ya chuma mithili ya ngazi iliyolazwa chini: mihimili miwili mirefu na vyuma vya kukingama katikati. Kwenye ngazi hiyo zilifungwa injini, gia, ekseli, springi, breki, usukani na tangi la mafuta. Ukitia petroli, ngazi yako inaondoka. Bodi iliketi juu yake na kufungwa kwa bolti. Ungeweza kuiondoa na kuweka nyingine, na kweli wako matajiri waliokuwa na bodi mbili kwa chesisi moja: ya wazi kwa majira ya joto na iliyofunikwa kwa majira ya baridi.

Kwa lugha yetu, chesisi ilikuwa mfumo wa uendeshaji na bodi ilikuwa programu anayoiona mtumiaji. Katikati palikuwa na mpaka ulio wazi: upana wa fremu, mahali pa bolti, urefu wa boneti, nafasi ya usukani. Aliyevijua vipimo hivyo alijenga juu yake chochote alichotaka. Yashikeni maneno hayo, mpaka ulio wazi, kwa sababu kisa chote kinasimama na kuanguka hapo.

Mafundi wenyewe walianzia kwenye magari ya farasi. Kampuni ya Brewster ilianzishwa mwaka 1810 huko New Haven, Connecticut, miongo mingi kabla ya motokaa kuwa biashara. Judkins wa Massachusetts na Derham wa Pennsylvania nao walianza kwa kuunda magari ya kukokotwa. Farasi alipostaafu, wao walibadilisha tu kile kilichokaa mbele. Ndiyo maana baadhi ya mitindo ya bodi ilionekana ya ajabu. Kulikuwa na mtindo mmoja uliopendwa sana mijini ambapo mwenye gari alikaa nyuma ndani ya chumba kilichofunikwa vizuri, ilhali dereva wake aliketi mbele bila paa, mvua na theluji zikimpiga. Huo ulikuwa urithi wa moja kwa moja wa mwendesha farasi, aliyekaa nje siku zote.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mteja alionyeshwa mchoro wa rangi kwenye karatasi. Akiupenda, wachoraji waliuchora upya kwa ukubwa kamili wa gari. Seremala waliufuata mchoro huo na kuunda kiunzi cha mbao za mti uitwao ash, mbao ngumu lakini zenye kunyumbuka. Kisha wakaja mafundi wa mabati, wakazikunja karatasi za alumini kwa nyundo na kwa mashine ya magurudumu mawili mpaka zikashika umbo la madigadi, milango na mgongo wa gari. Baadaye wakafuata washonaji wa ngozi na wa vitambaa vya sufu. Rangi ilipakwa tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisuguliwa na kuachwa ikauke. Kabla ya rangi ya kupuliza ya Duco iliyotengenezwa na DuPont, ambayo General Motors ilianza kuitumia kwenye magari yake ya Oakland ya modeli ya 1924, upakaji peke yake ungeweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa jumla mteja alisubiri miezi. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na hapa viliundwa kwa vidole.

Kampuni isiyokuwa na nyundo

Sasa niwajulishe kwa watu wawili ambao ningependa sana kunywa nao chai. Thomas Hibbard na Raymond Dietrich walikuwa wachoraji vijana waliokutana Brewster. Mwaka 1920 walifungua kampuni yao jijini New York na kuiita LeBaron. Hakuna mtu aliyeitwa LeBaron kati yao. Walilichagua jina hilo kwa kuwa lilikuwa na ladha ya Kifaransa, na wakati huo mitindo ya Paris ndiyo iliyoheshimiwa. Baadaye alijiunga nao Ralph Roberts, aliyeshughulikia upande wa biashara.

Jambo la kushangaza ni kwamba LeBaron ilipoanza haikuwa na karakana. Haikuwa na nyundo, mbao wala mabati. Iliuza michoro tu. Mteja au muuzaji wa magari alilipia mchoro, kisha mchoro ule ukapelekwa kwa kampuni nyingine iliyokuwa na mafundi. Kwa maneno mengine, miaka 100 hivi iliyopita vijana hawa waligundua kwamba kubuni na kujenga ni kazi mbili tofauti, na kwamba mtu anaweza kuishi kwa kubuni peke yake. Nasi leo tuna vijana wanaochora tu sura za programu na kuwaachia wengine kuandika msimbo. Wazo si geni.

LeBaron ilipata karakana baadaye kwa kuungana na kampuni ya bodi ya Bridgeport, Connecticut. Lakini waanzilishi hawakukaa. Hibbard alikwenda Paris mwaka 1923, na huko akaanzisha kampuni na Mmarekani mwenzake, Howard Darrin. Dietrich aliondoka mwaka 1925 akaenda Detroit, akaanzisha Dietrich Inc. kwa kuungwa mkono na Murray, kampuni kubwa iliyokuwa ikitengeneza bodi kwa wingi. Katika nusu ya pili ya miaka hiyo ya 1920, LeBaron yenyewe ilinunuliwa na Briggs, mtengenezaji mwingine mkubwa wa bodi wa Detroit. Kumbukeni jina la Briggs, tutakutana nalo tena.

Duesenberg: chesisi ya wafalme

Huwezi kuzungumza juu ya magari haya bila kumtaja Duesenberg. Fred na August Duesenberg walikuwa ndugu wawili wazaliwa wa Ujerumani waliokulia Iowa, mafundi wa injini na wa magari ya mashindano. Gari lao Model A, lililoanza kuuzwa mwaka 1921, lilikuwa na breki za maji kwenye magurudumu yote manne, jambo ambalo hapakuwa na gari lingine la Marekani lililokuwa nalo wakati huo. Ndugu hao walijua injini. Biashara ndiyo iliyowashinda. Mwaka 1926 kampuni ilinunuliwa na E. L. Cord, mfanyabiashara kijana aliyemiliki Auburn. Maagizo yake kwa Fred yalikuwa mafupi: tengeneza gari kubwa na bora kuliko yote.

Matokeo yake ni Model J, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York tarehe 1 Desemba 1928. Injini yake ilikuwa na silinda 8 kwa mstari mmoja, ujazo wa lita 6.9, valvu 4 kwa kila silinda, na ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 265. Leo mambo hayo ni ya kawaida, lakini wakati huo magari mengi ya Marekani hayakufika hata nusu ya nguvu hizo.

Lakini nitawaambia kilichonivutia mimi. Model J lilikuwa na kisanduku cha gia ndogo ndogo kilichohesabu mwendo wa gari. Kila baada ya kilomita 120 hivi kiliamuru pampu ilainishe viungo vya chesisi kwa oili, bila dereva kugusa kitu. Gari likifikisha kilomita 1,100 hivi, taa iliwaka kumkumbusha dereva abadilishe oili ya injini. Likifikisha kilomita 2,250 hivi, taa nyingine ilimwambia akaangalie maji ya betri. Hiyo ni programu, ndugu zangu! Ina kihesabio, ina masharti, ina matokeo. Tofauti ni kwamba iliandikwa kwa meno ya chuma, karibu miaka 20 kabla ya transista kuvumbuliwa mwaka 1947.

Sasa bei. Chesisi ya Model J iliuzwa kwa dola 8,500, na hapo hujapata mlango wala kiti. Ford Model A, gari zima, liliuzwa kwa dola 500 hivi. Ukiongeza bodi, Duesenberg lako lilifika dola 13,000 au zaidi. Gari moja lililoundwa na Rollston wa New York na kuonyeshwa kwenye maonyesho ya Chicago mwaka 1933 lilibandikwa bei ya dola 20,000, na jina lake likawa bei yake: Twenty Grand. Kampuni ya Walter Murphy ya Pasadena, California, ndiyo iliyovisha bodi chesisi nyingi zaidi za Model J, zaidi ya 100. Wateja wake walikuwa karibu: Hollywood haikuwa mbali.

Cord alipanga kuanza na magari 500. Kampuni ilipofungwa mwaka 1937, yalikuwa yametengenezwa karibu 480 tu.

Kiwanda kinajifunza ushonaji

Hapa kisa kinaanza kugeuka. Watengenezaji wakubwa waligundua kwamba mteja tajiri anapenda bodi ya kipekee lakini hapendi kusubiri miezi sita. Edsel Ford, ambaye baba yake Henry alikuwa ameinunua Lincoln mwaka 1922, alipata njia ya katikati. Aliagiza bodi za mtindo mmoja kwa mafungu kutoka kwa LeBaron, Judkins, Brunn na wengineo, akazitia kwenye katalogi ya Lincoln. Mteja alichagua mchoro, rangi na kitambaa, na gari likawa lake kwa bei nafuu zaidi. Packard ikafanya vivyo hivyo na Dietrich. Nasi tunaijua mbinu hiyo: unatunga kiolezo kimoja kizuri, unambadilishia kila mteja nembo na rangi, kila mmoja anaamini ni chake peke yake.

Duesenberg nayo haikubaki nyuma. Bodi zilizoitwa La Grande hazikutoka kwa fundi mwenye jina hilo. La Grande lilikuwa jina la kubuni, la Kifaransa tena, lililowekwa kwenye bodi ambazo Duesenberg ilichora yenyewe na kuagiza zitengenezwe Indiana.

General Motors walifanya jambo kubwa zaidi: walimchukua fundi mwenyewe. Harley Earl alikuwa kijana wa Los Angeles aliyekulia katika karakana ya baba yake, wakiwaundia nyota wa filamu bodi za kipekee. Karakana hiyo ilinunuliwa na muuzaji wa Cadillac, Don Lee, na huko ndiko Lawrence Fisher, mkuu wa Cadillac, alikoiona kazi ya Earl. Badala ya kuchora sehemu moja moja, Earl alifinyanga gari zima kwa udongo, boneti ikitiririka hadi kwenye milango na milango hadi nyuma. Mwaka 1927 alibuni LaSalle, gari lililotengenezwa kwa wingi lakini lenye sura ya lile la kushonewa. Mwaka huo huo GM ikamkabidhi idara mpya ya sanaa na rangi. Tangu hapo mtu wa kawaida mwenye mshahara mzuri aliweza kununua, dukani, jicho la fundi ambalo awali lilikuwa la matajiri tu.

Tazama basi mafundi wa bodi walivyokuwa wamezingirwa. Rangi nzuri haikuwa siri yao tena, kwa kuwa Duco ilikauka haraka kiwandani. Mitindo haikuwa siri yao tena, kwa kuwa wachoraji walikuwa wameajiriwa viwandani. Na hata magari yaliyofunikwa, ambayo zamani yalikuwa anasa, yalikuwa yamekuwa ya kawaida kufikia mwisho wa miaka ya 1920.

Oktoba 1929, na baada yake

Soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929. Miezi mitatu baadaye, Januari 1930, Cadillac ilizindua gari lenye silinda 16, injini ya lita 7.4, likiwa na bodi za Fleetwood za mitindo zaidi ya 50. Wahandisi walikuwa wameanza kazi hiyo miaka kadhaa kabla, wakati pesa zilikuwa zikimwagika. Mwanzoni liliuzwa vizuri kwa mazoea ya enzi iliyopita, kisha maagizo yakakauka. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 Cadillac ilikuwa ikitengeneza makumi tu kwa mwaka.

Wengine hawakuwa na kampuni kubwa ya kuwabeba. Murphy wa Pasadena alifunga mwaka 1932. Marmon wa Indianapolis, aliyekuwa na gari lake la silinda 16, aliishia 1933. Pierce-Arrow wa Buffalo aliendelea hadi 1938. Peerless wa Cleveland aliacha magari mwaka 1931, na marufuku ya pombe ilipoondolewa Marekani, kiwanda kile kile kikaanza kutengeneza bia. Fred Duesenberg mwenyewe alifariki Julai 1932 kutokana na ajali aliyoipata akiendesha gari la Duesenberg.

Hivyo basi vitabu vingi husema Mdororo Mkuu ndio uliowaua mafundi wa bodi. Mimi nakubali nusu. Ni kweli wateja walipungua, na waliobaki na pesa waliona aibu kuendesha gari la dola 15,000 mbele ya watu waliopanga foleni ya mkate. Lakini midororo hupita. Uchumi ulipopata nafuu, kwa nini mafundi hawakurudi?

Jibu ni lile neno nililowaomba mlishike: mpaka. Katika miaka hiyo hiyo mpaka kati ya chesisi na bodi ulikuwa ukifutwa. Mashine kubwa za kukandamiza chuma ziliweza sasa kutoa paa zima kwa pigo moja, kama GM ilivyofanya kwenye magari yake ya modeli ya 1935. Kalibu za mashine hizo ziligharimu pesa nyingi sana, lakini ukizigawa kwa magari 100,000 ni senti. Ukizigawa kwa magari 10, ni kufilisika. Kiunzi cha mbao na nyundo havikuweza kushindana na chuma hicho kwa bei wala kwa uimara, na mbao zilianza kulialia baada ya miaka michache barabarani.

Kisha chuma kikaruhusu hatua ya mwisho: bodi na fremu kuwa kitu kimoja. Mnamo Novemba 1935 yalionyeshwa New York magari mawili ya aina hiyo. Moja ni Cord 810, lenye taa zilizofichwa ndani ya madigadi na injini iliyoyavuta magurudumu ya mbele. Aliyelichora ni Gordon Buehrig, yule yule aliyekuwa akichora bodi za Duesenberg tangu akiwa na umri wa miaka 25. La pili ni Lincoln-Zephyr, lililokuwa na silinda 12 kwa bei ya dola 1,300 hivi. Zaidi ya 10,000 ziliuzwa mwaka wake wa kwanza. Na bodi ya Zephyr ilitoka wapi? Kwa Briggs, wale walionunua LeBaron.

Gari la namna hiyo likitoka kiwandani limekamilika. Hakuna chesisi tupu ya kumpelekea fundi. Huwezi kuivua bodi ubaki na kitu kinachoenda. Mpaka umefutwa, na wote walioishi kwenye mpaka hawana tena mahali pa kusimama. Brunn wa Buffalo alifunga mwaka 1941. Derham alidumu kwa miongo kadhaa zaidi, hasa kwa kurekebisha magari yaliyokwisha kuundwa na wengine.

Majina yalibaki, mikono ikaondoka

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike. Chrysler ilinunua biashara ya bodi ya Briggs mwishoni mwa 1953, na pamoja na mashine na majengo ikapata jina la LeBaron. Kuanzia modeli ya 1977 hadi 1995 kulikuwa na gari liitwalo Chrysler LeBaron, gari la kawaida la kiwandani, ambalo maelfu ya Wamarekani walilinunua bila kujua kwamba jina hilo lilibuniwa na vijana wawili wenye penseli mwaka 1920. Fleetwood ni mji mdogo wa Pennsylvania ambako mafundi waliunda bodi bora. Kampuni yao ilinunuliwa mwaka 1925, kazi ikahamishiwa Detroit mwaka 1931, na jina la mji wao likaendelea kubandikwa kwenye Cadillac hadi 1996.

Raymond Dietrich ndiye wa kuhurumiwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alitengana na kampuni iliyobeba jina lake, lakini jina halikutoka naye. Murray waliendelea kuiweka nembo ya Dietrich kwenye bodi za Packard ambazo mwenyewe hakuzijenga. Alipata kazi Chrysler, akawa mwajiriwa, ilhali jina lake likifanya kazi kwingine bila yeye.

Na magari yenyewe? Kwa muda yalidharauliwa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Duesenberg kuukuu liliweza kununuliwa kwa bei ya gari la kawaida. Kisha watu wakaanza kuyatafuta. Jengo la zamani la kampuni ya Auburn huko Indiana liligeuzwa makavazi ya magari hayo mwaka 1974. Agosti 2018, Duesenberg SSJ la mwaka 1935 lililokuwa la mwigizaji Gary Cooper, mojawapo ya mawili tu yaliyotengenezwa, liliuzwa kwenye mnada huko California kwa dola milioni 22, zaidi ya shilingi bilioni 2 za Kenya. Watafiti wa magari haya wana kazi moja ngumu ambayo mtunzi wa programu ataielewa upesi: kwa kuwa bodi ziliweza kuhamishwa, inabidi wafuatilie namba ya injini, namba ya chesisi na historia ya bodi, kila moja peke yake, ndipo wajue gari lililo mbele yao ni toleo lipi hasa.

Kwa nini nimewasimulia haya

Miaka kadhaa iliyopita nilimtungia mfanyabiashara mmoja mfumo wa kusimamia maduka yake. Nilikaa naye, nikajifunza anavyohesabu mali, anavyowakopesha wateja wake wa siku nyingi, hata namna karani wake alivyopenda kuandika tarehe. Ulikuwa mfumo wa kushonewa na ulimkaa vizuri. Baada ya miaka miwili aliniita kwa heshima, akaniambia amehamia huduma ya mtandaoni ya kulipia kila mwezi. Haikujua lolote kuhusu karani wake, lakini gharama yake kwa mwaka ilikuwa chini ya malipo yangu ya mwezi mmoja. Nilikasirika wiki nzima. Nikajiambia ubora umeshindwa na urahisi.

Nilipokisoma kisa cha mafundi wa bodi, niliona kwamba hasira yangu ilikuwa imeelekezwa pabaya. Mafundi wale hawakushindwa kwa kukosa ustadi. Kazi yao bado inavunja rekodi kwenye minada. Walishindwa kwa kuwa chakula chao kilitegemea mpaka ambao haukuwa wao. Siku mwenye chesisi alipoamua kuufuta, ustadi wao haukuwa na pa kufungia bolti. Waliookoka ni wale waliojua kwamba kitu walichokuwa nacho ni jicho na wala si nyundo. Earl alilipeleka jicho lake GM, Buehrig akalipeleka la kwake kwenye chuma cha Cord. Na walioumia zaidi ni wale waliouza jina pamoja na karakana.

Kwa hiyo ukiwa unajenga juu ya mfumo wa mtu mwingine, iwe ni simu, malipo au wingu la kuhifadhi data, jiulize: mpaka huu ni wa nani, na atapata faida gani akiufuta? Na ukiulizwa utie sahihi kwenye karatasi ya kuuza jina lako, isome mara mbili.

Nikiiona tena chesisi tupu ikipita na dereva wake wa koti zito, siicheki. Mpaka ule uliofutwa Detroit miaka 90 iliyopita kwetu bado uko wazi, na kuna mafundi wanaokula kwa sababu yake. Natumai wanajua walipoketi.